Nchi Isiyokuwa na Chungu Kizima

Zamani yake si ya mbali sana, na mahali pake hapana barabara ya gari. Alikuwapo mwanamke mmoja mjane anaitwa Yunike, na siku hiyo alikuwa amejitwika chungu.

Chungu kilikuwa kipya, cha udongo mwekundu, kimezungushiwa kanga ili kisigongwe, na ndani yake alitia unga wa ulezi kidogo wa kumpelekea binti yake. Binti mwenyewe, Tumsifu, ameolewa huko milimani, na alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Akatuma salamu: mama, mtoto anabatizwa Jumapili, wewe ndiye utakayemshika na kulitaja jina lake mbele ya watu, na kama utapata chungu kizuri cha maji ya ubatizo, tuletee.

Habari ya chungu ilikuwa rahisi. Habari ya kusimama mbele ya watu ndiyo iliyomnyima Yunike raha. Kanisa la kule kwa Tumsifu lina desturi yake. Mchungaji, kabla hajagusa maji, humgeukia aliyembeba mtoto akamwuliza, "Nani anamleta mtoto huyu?" Na yule aliyembeba hana budi aseme yeye ni nani, kwa sauti ya kusikika hadi kwa walioketi nyuma kabisa.

Sasa, Yunike alipofiwa na mumewe alishika pombe. Si ile ya kuonja harusini. Alikunywa mpaka hajui kama mtoto amekula au hajala, na Tumsifu, akiwa bado mdogo, ikabidi achukuliwe na shangazi yake akalelewe huko. Baadaye Mungu alimkuta Yunike. Akatubu, akabatizwa mtoni mtu mzima na akili zake, pombe akaiacha isirudi tena. Alimwendea binti yake akapiga magoti, na binti akamwinua. Mambo hayo yalikwisha miaka mingi iliyopita. Lakini mpaka siku hiyo, mtu alipomwuliza Yunike wewe nani, mdomo ulisema Yunike na moyo ukasema mlevi. Hata kanisani kwao alikaa karibu na mlango, kama mgeni anayengoja kuambiwa atoke.

Basi akaenda. Jinsi njia ilivyompoteza sina haja ya kueleza, njia hupoteza watu kila siku. Alijikuta mbele ya lango asilolijua, na kando ya lango ameketi mlinzi wa makamo, mpole, na kifuani mwake kinaning'inia kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani.

"Lako lipo?" mlinzi akamsalimu.

Yunike akajibu kwamba haelewi. Mlinzi akacheka bila ubaya, akamweleza kuwa huku hawasemi hujambo. Huku mtu huuliza la mwenzake, maana yake kosa, na mwenzake hujibu, "Lipo salama, na lako?" Yeye anaitwa Mpoteza-Ng'ombe. Ujanani alisinzia machungani, ng'ombe wa baba yake wakatawanyika. Yunike akauliza kwa huruma kama hawakuonekana tena. Mlinzi akasema walionekana wote, jioni ile ile, wanakula majani nyuma ya nyumba. Alilisema hilo kama jambo lisilohusika.

"Na wewe, mama, ni nani?"

"Yunike."

"Hilo ni jina la kuitiwa chakula. Nakuuliza wewe ni nani."

Yunike akashusha chungu, akakaa juu ya jiwe. Njia nzima alikuwa analikimbia swali hilo hilo, na sasa limemtangulia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mlevi aliyemwacha mtoto wake. Mlinzi hakushtuka wala hakukunja uso. Alimpa pole ya safari, akamwambia kesho asubuhi Baraza litamsikiliza na kumvika rasmi, na kwa leo atalala kwa bibi mmoja mwenye nafasi, anaitwa Mchoma-Ghala. Lakini macho yake yalikuwa kwenye chungu muda wote, kama mtu anayetazama nyama.

Yunike akaja kuelewa ni kwa nini. Katika nchi ile, kosa la mtu likishajulikana, hupelekwa kiwanjani, chungu kinavunjwa mbele ya watu, naye huokota kipande na kukivaa shingoni mpaka kaburini. Hicho ndicho kigae chake, na kosa lile ndilo jina lake. Sheria yao kuu ilikuwa fupi, kila mtoto aliijua: kosa moja, chungu kimoja. Wafinyanzi walikuwepo, tena hodari, walifinyanga kutwa, lakini hakuna chungu kilichofika jikoni. Vyote vilivunjwa. Maji waliweka kwenye vibuyu, na kibuyu hakipandi motoni. Kwa hiyo watu wa nchi ile hawakuwa na uji, wala maharage, wala mchuzi. Walichoma. Mahindi ya kuchoma, ndizi za kuchoma, viazi vya kuchoma. Mgonjwa alipewa muhindi wa kuchoma na kuambiwa atafune polepole.

Yunike alimwuliza mmoja wao, kwa heshima, kwa nini wasibakize hata chungu kimoja cha wagonjwa. Yule mtu akashangaa. Akasema, sasa mkosaji wa kesho atapata wapi jina lake? Ni haki kweli mtu atembee bila kujulikana, kwa sababu ya uji?

Na hawakuwa watu wabaya. Walikaribisha wageni, walizikana, walisaidiana kuezeka. Walijisifu kwa jambo moja tu, kwamba wao hawafichani. Watoto ambao hawajakosa waliitwa Bado, na wazazi waliwaangalia kwa wasiwasi. Kulikuwa na kijana mmoja ameota ndevu na bado ni Bado. Alikosa mchumba, maana msichana gani ataolewa na mtu asiyemjua? Baba yake akamtwisha kapu la mayai, akamtuma avuke kwenye mawe yenye utelezi. Kijana akavuka salama, mayai yote mazima, na nyumbani kwao watu wakalia.

Kigae hakikuvuliwa. Kiliweza tu kubadilishwa kwa kikubwa zaidi. Mtu mmoja aitwaye Mwiba-Kuku alichoka na jina lake, akaliendea Baraza akasema hajagusa kuku wa mtu tangu ujana. Baraza likamsikiliza vizuri, likamwonyesha sheria. Mwezi uliofuata akaiba mbuzi. Sasa anaitwa Mwiba-Mbuzi, na akipita watu humwamkia kwa unyenyekevu zaidi. Mwingine aliwahi kuwatoa watoto mtoni wakati wa mafuriko, karibu afe yeye. Walimshukuru sana. Kesho yake wakaendelea kumwita Msengenyaji, kwa kuwa mema hayana chungu.

Jioni Yunike akafika kwa mwenyeji wake. Mchoma-Ghala alikuwa kikongwe, amepinda, meno hana, na nyumba yake ilikuwa baridi kuliko nje. Haikuwa na jiko. Mafiga hayakuwapo, hata jivu. Bibi akaeleza bila kulalamika. Alipokuwa mtoto mdogo, mama yake alimtuma kwa jirani kuomba moto. Akaweka makaa kwenye kigae kama watoto wote wanavyofanya, akarudi anakimbia, upepo ukachukua cheche, ghala la kijiji likaungua na mahindi yote. Kile kile kigae alichobebea moto ndicho walichomvika. Tangu siku hiyo haruhusiwi kusogelea moto. Jirani wakimkumbuka humletea muhindi uliochomwa, nao hufika umepoa, na yeye hana cha kutafunia.

"Uji naukumbuka," akasema. "Kabla wafinyanzi hawajaacha kuleta vyungu jikoni, mama yangu alipika. Utamu wake nimeusahau, lakini ule moshi wake usoni, huo naukumbuka."

Wakaketi barazani. Watu walipita wakiuliza la bibi, naye akajibu lipo, na yeye akauliza yao, wakajibu yapo. Yunike akahisi kitu ambacho hakukitarajia. Alihisi kupumzika. Hapa hakuna wa kugeuza shingo akipita. Hapa hatakaa karibu na mlango peke yake, kwa sababu nchi nzima imekaa karibu na mlango. Akasema, "Bibi, huku kwenu pananifaa."

"Panamfaa kila anayeingia, mwanangu. Ndiyo maana hakuna anayetoka." Bibi akamweleza kwamba aliyekwisha kuvaa kigae lango halimfungukii tena. Ni mtu wa hapa. "Na hicho chungu chako ndicho kitakachovunjwa kesho. Ulikuwa unakipeleka wapi?"

Yunike akamweleza juu ya mjukuu na ubatizo. Akasema mtoto anatiwa maji, jina lake linatajwa, na anaambiwa mbele ya watu wote kuwa ni wa Mungu.

"Kabla hajafanya kosa?"

"Kabla, bibi."

"Akikosa baadaye je, wanamwita tena wamnyang'anye?"

"La. Anatubu. Jina linabaki."

Bibi akawaza. Akauliza kama na yeye Yunike alifanyiwa hivyo. Yunike akasema ndiyo, mtoni, mtu mzima, baada ya pombe na baada ya kumwacha mtoto.

"Wakakuitaje ulipotoka majini?"

"Yunike. Jina langu lile lile."

"Wakijua uliyoyafanya?"

"Walijua. Na yeye aliyeniita, Bwana mwenyewe, alijua kuliko wao. Hata yale ambayo sijamwambia mtu."

Bibi akachezea kigae chake kifuani. Halafu akasema polepole, kama mtu anayemwondolea mwenzake uchafu machoni, "Basi pale langoni, mwanangu, ulimdanganya mlinzi. Alikuuliza wewe ni nani, ukamwambia ulichokifanya."

 Yunike alilaza kichwa juu ya kanga yake, na neno lile likakaa naye.

Asubuhi kiwanja kilijaa. Baraza liliketi kwenye magogo, wazee na vigae vyao, na mwenyekiti wao alikuwa mzee mrefu aitwaye Mchelewa-Mazishi, kwa kuwa alifika kwenye maziko ya baba yake wakati kaburi limeshafukiwa. Siku hiyo ya maziko mto ulikuwa umejaa asiweze kuvuka, lakini hilo nalo halikuhusika. Chungu cha Yunike kiliwekwa juu ya jiwe, unga umemiminwa pembeni kwenye jani la mgomba, na kando yake akasimama mtu mwenye rungu. Watu walikisogelea wakitazama. Wengine walikuwa hawajaona chungu kikikaa kizima muda mrefu hivyo.

Mwenyekiti akamwambia Yunike aseme yeye ni nani, chungu kivunjwe, kila mtu aende shambani kwake.

 Yunike alijua wazi akisema lile la jana, Jumapili itapita na mtoto atashikwa na mikono mingine, na yeye atabaki huku, amepumzika, mpaka kufa. Akasema kwanza yale aliyoyafanya. Aliyasema yote, hata ambayo hakuulizwa: siku Tumsifu alipolala na njaa mlangoni, siku shangazi alipokuja kumchukua na yeye mama hakuamka kumuaga. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Lilikuwa kosa zuri, limeelezwa vizuri.

"Hayo niliyafanya," akasema, "siyakatai, wala simsukumii mtu mwingine. Lakini mmeniuliza mimi ni nani. Mimi ni Yunike, mtoto wa Mungu, niliyenunuliwa na Kristo. Jana langoni nilisema vibaya. Naomba mniwie radhi."

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akasema mwanamke huyu anakana kosa. Wa pili akasema hapana, amelitaja kuliko tulivyomwomba. Wa tatu akasema tusipoteze muda, rungu lishuke. Yule mwenye rungu akaliinua.

"Wazee wangu," Yunike akasema, "sheria yenu inasema nini?"

"Kosa moja, chungu kimoja," kiwanja kizima kikajibu, kwa mazoea.

"Basi kwa kosa langu kuvunja kumeshafanyika. Kilichovunjwa hakikuwa chungu. Alivunjwa Yesu mwenyewe, msalabani, kwa ajili ya yale yale niliyowaeleza. Mkivunja tena, mtakuwa mmevunja mara mbili kwa kosa moja."

Rungu likabaki juu. Hapo ndipo mjadala ulipochemka, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba wazee wale waliijali sheria yao kwa moyo. Waliulizana kama inaruhusiwa mtu mmoja avunjwe kwa kosa la mwingine. Mmoja akasema haijaandikwa kuwa inakatazwa. Mwingine akasema haijaandikwa kwa sababu hakuna mwendawazimu aliyewahi kujitolea. Mchelewa-Mazishi akawanyamazisha kwa mkono, akamgeukia Yunike. Uso wake haukuwa na ukali.

"Mama, tuseme tumekubali. Aliyevunjwa huacha vipande. Tuonyeshe kipande chako ukivae, tukujue."

"Hakuna kipande, baba. Siku ya tatu alikuwa mzima."

 Mwenyekiti akashika kigae chake mwenyewe bila kujua kuwa amekishika. Kisha akatoa hukumu. Akasema mwanamke huyu hana kesi, maana kosa lake limekwisha kulipiwa kwa sheria yetu wenyewe. Lakini hana kigae, na nchi hii haina namna ya kumwita asiye na kigae. Kwa hiyo achukue chungu chake aende zake.

Mtu angesema yamekwisha hapo. Lakini Mchoma-Ghala alikuwa amesimama. Akauliza kama huyo aliyevunjwa alivunjwa kwa ajili ya mgeni peke yake.

"Alivunjwa kwa ajili ya kila anayemtaka, bibi," Yunike akamwambia.

"Hata wa ghala?"

"Hata wa ghala. Bibi, mama yako alikuwa anakuitaje?"

Kikongwe akafikiri, midomo inacheza. Lilikuwa mbali. "Nakijwa," akasema mwisho, na alivyolisema ungedhani amempata mtu aliyepotea sokoni.

Kisha akavua kigae shingoni. Watu wakashika vinywa. Hakukitupa wala hakukipasua. Alikata kamba tu, akajikokota mpaka pembeni ya kiwanja, pale wachoma mahindi walipokuwa na moto wao, akainama, akasukumia makaa matatu mekundu juu ya kile kigae. Mwanamume mmoja akapiga hatua amzuie. Mlinzi wa lango, Mpoteza-Ng'ombe, akamshika mkono yule mwanamume akamwambia amwache.

Nakijwa akatembea na moto wake kuelekea nyumbani. Hakukimbia. Alikinga makaa na kiganja cha mkono wa pili, upande wa upepo, kama mtu ambaye amelifikiria jambo hilo maisha yake yote. Hakuna cheche iliyoruka. Nyuma yake alifuata Yunike na chungu na unga, na nyuma ya Yunike, kwa mbali kidogo, nchi nzima.

Wakaweka mawe matatu. Nakijwa akawasha, Yunike akakoroga unga wa ulezi majini, na uji ukaanza kutokota. Moshi ukamjia bibi usoni, naye hakukwepa. Watu walisimama nje wakijifanya wanapita. Harufu ilipowafikia wakaacha kujifanya, wakaleta vipande vya vibuyu, na mgonjwa mmoja akaletwa amebebwa. Mchelewa-Mazishi naye akaja na kata yake, akanywa taratibu mpaka mwisho, akauliza ni nani aliyepika.

"Mchoma-Ghala," mtu akajibu nyuma.

Mzee akatazama ndani ya kata yake tupu. "Nani?" akauliza tena.

"Nakijwa," akasema mlinzi wa lango.

"Mwambieni Nakijwa," akasema mwenyekiti, "uji ni mtamu. Na kama upo mwingine, nakaa."

Yunike akaondoka wakati bado wanakunywa. Chungu alikiacha mafigani, kimekuwa cheusi kwa masizi, kwa sababu moyo haukumruhusu kukiondoa. Mlinzi akamfungulia lango kwa mikono miwili. Alitaka kumuaga kwa desturi yao, kuuliza kama lipo, akaanza, akasita, kisha akasema tu, "Safari njema, Yunike."

Jumapili alifika kwa Tumsifu mikono mitupu, kanga yake ina harufu ya moshi. Tumsifu akamwuliza chungu kiko wapi, mama.

"Kinapikia watu uji."

Tumsifu akamtazama mama yake, akaona kuna maelezo marefu ambayo yatangoja, akaenda kuleta beseni la bluu la kuogea mtoto.

Kanisani Yunike hakukaa karibu na mlango. Alipita mbele, amembeba mtoto, na mtoto amekamata kidole chake amekifunga kabisa kama mali yake. Mchungaji akageuka, mkono juu ya maji, akauliza, "Nani anamleta mtoto huyu?"

"Mimi Yunike," akasema, "mtoto wa Mungu, bibi yake. Na huyu ni Elinami."

Hata walioketi nyuma kabisa walisikia. Na siku hiyo mdomo na moyo vilitaja jina moja.